Kulifuata neno manjaniki: Tanga, Makka, Taif, Urfa mpaka Istanbul

Siku ya 1, Tanga – Dar – Jidda

Nianze na mtoto mmoja wa madrasa maana yeye ndo chanzo cha daftari hili lote. Mi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Tanga, na mwisho wa wiki nawafundisha watoto wa mtaani kwetu tarekhe. Mwezi uliopita tukafika kwenye kisa cha Nabii Ibrahim, pale Namrudi na watu wake walipokoka moto mpaka ukawa hausogeleki, wakawa hawajui watamtia vipi, ndipo wakatengeneza manjaniki wakamweka humo wakamrusha. Mtoto wa kike wa miaka kumi akanyoosha mkono, "Mwalimu, manjaniki ndo nini?" Nikajibu harakaharaka, ni kama mzinga. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Sasa mwalimu, akitiwa kwenye mzinga si atalipuka kabla hajafika motoni?"

Nililala na swali lile. Mzinga unataka baruti, na zama zile baruti haikuwepo kabisa. Kuna wanaosema manati, lakini manati ni kijiti cha panda na mpira, cha kuwindia ndege, mtu mzima utamrushaje kwa manati? Kuna wanaosema teo au kombeo, hao wamekaribia kidogo, nitaeleza mbele kwa nini, ila kombeo analizungusha mtu mmoja kwa mkono akifukuza ndege shambani. Yani neno tunalo, tumeshalipokea, linatamkika vizuri kabisa kwa ulimi wetu, ma-nja-ni-ki, alafu tunalikimbia na kuweka lingine kwa sababu tu hatujalijua vizuri. Hilo liliniuma kama mwalimu wa lugha.

Sasa ikawa shangazi yangu ameshaniandikisha nimsindikize umra, na mtoto wake, ambae mi namwita kaka, anafanya biashara ya nguo Istanbul, kwa hiyo mpango ni tukimaliza Makka tupitie kwake tumwone. Nikaomba kitu kimoja tu, tufike na Urfa, hukohuko Uturuki. Shangazi kusikia Urfa ndo kwenye samaki wa Nabii Ibrahim akasema "Twende mwanangu, hata kama ni kwa punda."

Tumetoka Tanga na basi la alfajiri, Dar tumefika na jua la mchana, jioni tukapanda ndege. Nia ya umra tumetia hukohuko angani walipotangaza mikati, ule mpaka wa kutilia nia. Naandika haya Jidda, saa nane usiku, simu ina chaji kidogo.

Siku ya 2, Makka

Umra tumemaliza alhamdulillahi. Shangazi magoti yanamsumbua lakini saayi amekwenda mwenyewe kwa miguu yake, alikataa kiti cha magurudumu. Leo siandiki zaidi.

Siku ya 4, Makka

Baada ya alasiri tulikaa na sheikh wa msafara upande wa Safa. Akatuonyesha juu, kule kwenye kasri la mfalme, akasema ule ndo mlima Abu Qubays. Nikamuuliza, sheikh, si ndo mlima walioweka manjaniki? Akanitazama, "Nani kakwambia?" Nikamweleza habari ya mtoto na swali lake. Akacheka, kisha akatukalisha chini.

Kaaba imepigwa kwa manjaniki mara mbili, na mara zote mbili waliopiga ni Waislamu. Mara ya kwanza mwaka 683, jeshi lililotumwa na khalifa Yazid kutoka Sham (Siria) lilimzingira Abdallah bin Zubeir, aliekataa kumtii, hapa Makka. Katika vita ile Kaaba ikashika moto na Jiwe Jeusi likapasuka, Ibn Zubeir akaja kulifunga kwa fedha. Yazid akafa huko Sham wakati mji bado umezingirwa, jeshi likaondoka. Mara ya pili mwaka 692, khalifa ni Abdul-Malik bin Marwan, kamanda ni Hajjaj bin Yusuf. Huyu ndo alieweka manjaniki juu ya Abu Qubays na kuupiga mji kwa mawe miezi mingi. Inasimuliwa kwamba radi ilishuka ikaua baadhi ya wapigaji wake, askari wakaingiwa na hofu wakaacha kazi, Hajjaj akawaambia msiogope, mimi ni mwana wa Tihama (hii nchi ya pwani), hizi ni radi za Tihama tu. Mwisho Ibn Zubeir akauawa, mwili wake ukatundikwa, na mama yake, Bibi Asmaa binti Abubakar, mzee keshapofuka, ndie inapokewa kwamba alimwambia mwanawe kabla hajatoka kwenda kupigana, kondoo akishachinjwa haumii kwa kuchunwa.

Shangazi alikuwa kimya muda wote, akisikiliza huku anavuta tasbihi. Mwisho akauliza, "Sheikh, hao wanaorusha si nao walikuwa wakiswali kuelekea hapahapa?" Sheikh akasema ndio. Shangazi akageuka upande wa Kaaba, hakusema tena mpaka magharibi.

Nami nilikaa natazama ule umbali. Kutoka mlimani mpaka Kaaba ni karibu sana, jicho linaona kila kitu. Kitabuni nilikuwa naisoma habari hii kama vita vya mbali, leo nimeona alierusha alikuwa anakiona anachokipiga.

Siku ya 5, Taif

Siku niliyoisubiri. Kutoka Makka ni kama kilomita 90 kwa njia ya Al-Hada, barabara inapanda mlima kwa kona juu ya kona, kule juu nyani wamekaa pembeni wanangoja watu watupe ndizi, na baridi unaisikia, maana Taif iko juu kama mita 1,800. Dereva wetu ni Mpakistani wa Sindh, kijana mpole, Kiarabu chake na changu vinalingana kwa hiyo tulielewana vizuri.

Jina Taif lenyewe lina habari ya kuzunguka, ni shina lilelile la tawafu. Inasemekana mji uliitwa hivyo kwa ajili ya ukuta ulioufunga pande zote, na ukuta huo ndo uliomleta manjaniki hapa. (Nimeandika "uliomleta" kama mtu, niache hivyohivyo, kwa Kiarabu neno hili ni la kike.)

Mwaka wa 8 Hijria, yani 630, baada ya vita vya Hunein, kabila la Thaqif walirudi wakajifungia ndani ya ngome yao na chakula cha mwaka. Mtume (s.a.w.) akawazingira. Mishale ikawa inanyesha kutoka ukutani. Ndipo wapokezi wa sira, habari za maisha ya Mtume, wanaposema ikatumika manjaniki, na kwa mujibu wa mwanahistoria al-Waqidi alietoa shauri ni Salman Al-Farsi, kwamba kwetu Uajemi ngome tunazipiga kwa manjaniki. Pia wakaingia watu chini ya kitu kinaitwa dabbaba, kibanda cha ngozi za ng'ombe wanachojifunikia wakisogea nacho mpaka chini ya ukuta ili waubomoe. Thaqif wakawamwagia vipande vya chuma vilivyochomwa mpaka vikawa vyekundu, ngozi zikaungua, wakalazimika kutoka, na walipotoka wakapigwa mishale. Mji haukutekwa, Mtume akaondoa jeshi, na Thaqif walikuja kusilimu wenyewe baadae.

Dabbaba maana yake kinachotambaa. Leo Waarabu kifaru cha vita wanakiita dabbaba, neno lilelile la kibanda cha ngozi. Sisi tulipokiona tukakiita kifaru kwa ile ngozi ngumu na kukimbilia mbele. Napenda sana jinsi kila watu wanavyoitazama silaha ngeni na kutafuta katika vitu vyao inafanana na nini. Mzinga wa vita ni mzinga wa nyuki, gogo lenye tundu. Risasi ni madini ya risasi yenyewe.

Kuna jambo lingine Ibn Is-haqa, mwandishi wa sira, amelitaja ambalo lilinisimamisha. Wakubwa wawili wa Thaqif, Urwa bin Mas'ud na Ghaylan bin Salama, hawakuwepo Hunein wala kwenye mazingiwa ya Taif. Walikuwa wapi? Walikuwa Jurash, huko kusini, wanajifunza kutengeneza dabbaba na manjaniki! Yani mji unapigwa kwa silaha ambayo wenye mji wako safarini wanaisomea.

Tulisali msikiti wa Abdallah bin Abbas, ambapo inaelezwa ndo upande lilipokaa jeshi la Waislamu. Ibn Abbas mwenyewe alifia Taif, na mashahidi wa siku zile wamezikwa hapo karibu, Ibn Is-haqa amehesabu 12. Shangazi aliwaombea muda mrefu.

Sasa niseme chombo chenyewe kilikuwaje maana bila hivyo tutabaki palepale. Usifikirie mpira, usifikirie upinde. Fikiria pembea ya watoto, ile ya ubao uliolala juu ya gogo, mmoja akishuka mwenzake anapanda. Sasa gogo liinue juu ya miguu ya mbao mirefu, na ubao ufanye boriti ndefu isiyokaa katikati, upande mmoja mfupi, upande mwingine mrefu sana. Kwenye upande mfupi funga kamba nyingi, kila kamba na mtu wake au watu wawili. Kwenye ncha ya upande mrefu ning'iniza kombeo, mfuko wa ngozi na kamba mbili, na ndani yake jiwe. Mkuu wa kazi anatoa sauti, watu wote wanavuta kamba kwa pamoja kuelekea chini, ule upande mrefu unaruka juu kwa kasi, kombeo linazunguka nyuma yake kama mkia, kamba moja inachomoka kwenye ndoano, jiwe linakwenda. Ndo maana nikasema wanaotafsiri kombeo wamekaribia, kombeo ni kiungo cha manjaniki, kama mdomo kwa mtu. Aina hii ya kuvutwa na watu ilianzia China, ikafika huku magharibi karne ya 6. Baadae sana, karne ya 12, ikaenea aina nyingine ambayo badala ya watu inafungwa sanduku zito la mawe au mchanga, ukiliachia linashuka lenyewe kwa uzito wake na boriti inapaa. Hiyo ndo kubwa kuliko zote, na Wachina wenyewe walipopigwa nayo kwenye mji wao wa Xiangyang mwaka 1273, na mafundi Waislamu waliokuwa upande wa Wamongoli, wakaiita kwa jina la Waislamu.

Tukiwa tunashuka nikamwambia dereva neno manjaniki. Akapiga usukani kwa kiganja, "Manjaniq! Muhammad bin Qasim!" Kumbe kwao Sindh kila mtoto wa shule anaijua. Muhammad bin Qasim nae ni mtu wa Thaqif, ndugu wa Hajjaj, akatumwa Sindh mwanzoni mwa miaka ya 710, akauzingira mji wa bandari wa Debal. Mwanahistoria al-Baladhuri anasema alikuwa na manjaniki moja inaitwa al-Arus, inavutwa na watu 500, ikalenga mlingoti wa bendera juu ya hekalu mpaka ukavunjika, na watu wa mji moyo ukavunjika nao.

Al-Arus ni Bibi Harusi! Harusi yetu na arusi yetu zimetoka hapohapo. Shangazi aliposikia akashtuka, "Bibi harusi gani anakokotwa na wanaume mia tano?" Lakini si Waarabu peke yao. Kwenye orodha ya silaha ya ngome ya Windsor ya mwaka 1330 kuna chombo kikubwa cha kurushia kinaitwa Bibi Gunilda, jina la mwanamke, na wataalamu wengi wa maneno wanaamini neno la Kiingereza la bunduki, gun, limetokana na jina hilo.

Usiku huu nahesabu vidoleni. 630 manjaniki inaupiga mji wa Thaqif. 692, miaka 62 tu baadae, Hajjaj, mzaliwa wa Taif, Thaqif halisi, kijana aliewahi kufundisha watoto wa mji huu kusoma, anaipiga Makka kwa manjaniki. Alafu nduguye anaipeleka mpaka Sindh. Nadhani babu zake walimsimulia jinsi mawe yalivyokuwa yakishuka juu ya paa zao.

Siku ya 6 na 7, Makka

Nimemfuata sheikh wa msafara na swali la neno lenyewe. Ana kamusi kwenye simu, kamusi kubwa zote za Kiarabu, tukakaa nae baada ya alfajiri.

Akaniambia kwanza tazama herufi. Manjaniq ina jim na qaf ndani ya neno moja. Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walishatoa kanuni: jim na qaf hazikai pamoja kwenye neno la asili la Kiarabu, ukiziona pamoja ujue neno ni mgeni. Yani hata bila kujua limetoka wapi, herufi tu zimelitaja kuwa mgeni. Nilifurahi mno, maana hata Kiswahili tunafanya hivyo, neno likija na "kh" au "dh" sikio lenyewe linaanza kuuliza mwenyeji wako nani.

Mgeni kutoka wapi? Hapo al-Jawhari, alieandika kamusi ya as-Sihah miaka kama elfu moja iliyopita, anasema ni Kiajemi, "man chi nik", maana yake "mimi ni mzuri ulioje!" Yani mashine inajisifu. Nilipenda sana, naweza kuisikia ile boriti ikipaa juu huku ikijitapa hivyo. Lakini kwa kweli si sahihi, ni maelezo yaliyotungwa kufuata mlio wa neno, kama wale wanaokuvunjia jina la kijiji vipande vipande mpaka lipate hadithi. Sheikh nae alisema mi nahisi Wagiriki wamo humu. Na ndivyo, njia iliyo wazi ni neno la Kigiriki manganikon, likapita Kiaramu cha Kisuryani, ndipo likaingia Kiarabu. Na Kisuryani mji wake mkuu ulikuwa wapi? Urfa, wakati huo ikiitwa Edessa.

Basi kesho kutwa tuko njiani kwake.

Siku ya 8, Jidda – Istanbul

Begi la shangazi halikufika. Tumesimama pale uwanja wa ndege saa tatu nzima tukielekezwa dirisha hili na lile, dawa zake za presha zimo humo, nilikuwa nataka kulia. Kaka akaja akatuchukua, akaenda duka la dawa akanunua zinazofanana, begi wakalileta usiku wa manane.

Wakati tunangoja nilikuwa nasoma kwenye simu habari ya Abul-Fida, yule mwanahistoria alieishia kuwa mtawala wa Hama, huko Sham. Mwaka 1291 alikuwa kijana kwenye jeshi lililokwenda kuwatoa Wafaranji, wale Wazungu wa Vita vya Msalaba, kwenye mji wa Akka. Walipewa manjaniki kubwa inaitwa al-Mansuri, imefunguliwa vipandevipande imejaza mikokoteni mia moja, yeye amekabidhiwa mmoja. Ilikuwa mwisho wa baridi, mvua na theluji, ng'ombe wanakufa njiani, safari ya siku nane kwa farasi ikawachukua mwezi mzima. Nilimsomea shangazi pale kwenye viti. Akasema masikini ng'ombe.

Siku ya 9, Urfa

Tumeruka asubuhi, kaka nae kafunga duka katufuata. Joto la Urfa kavu, mkate wao mwembamba wa moto, na maini ya kuchoma wanakula asubuhi na pilipili nyeusi wanaiita isot, shangazi kala kwa raha zote.

Mchana tukaenda Balıklıgöl, bwawa la samaki. Maji yametulia, msikiti wa mawe pembeni, na samaki ni wengi mpaka ukitupa chakula maji yanachemka. Hawavuliwi wala hawaliwi. Masimulizi ya hapa ni kwamba Nabii Ibrahim aliporushwa, moto ukageuka maji na kuni zikageuka samaki. Ukiinua macho, juu ya mwamba kuna ngome, na juu ya ngome zimesimama nguzo mbili ndefu za mawe, zimebaki peke yake, hazibebi kitu. Hizo ndo watu wa Urfa wanaziita manjaniki ya Namrudi, kwa Kituruki mancınık, wanatamka kama "manjinik" zile i mbili zinazama kooni.

Mzee mmoja alikuwa anawauzia watoto chakula cha samaki. Nikampa salamu, akajibu kwa Kiarabu, kumbe ni wa upande wa Harran, huko Kiarabu ndo lugha ya nyumbani. Nikamwonyesha nguzo nikamuuliza hizi nini. "Manjaniq." Akaweka mkono mmoja kwenye nguzo ya kushoto, mwingine ya kulia, kwa mbali hivyo, alafu akavuta kama anaevuta manati, akaachia. "Hapo!" akaonyesha bwawa. Shangazi machozi yalimtoka, akasoma ile aya ya Suratul Anbiyaa, ewe moto kuwa baridi na salama kwa Ibrahim.

Mi nilikuwa na mambo mawili moyoni na nitayaandika yote. Kwanza, nguzo zile si za zama za Nabii Ibrahim. Ni za wafalme wa Edessa, karne ya 3 baada ya Nabii Isa, na moja ina maandishi ya Kisuryani yanayomtaja malkia Shalmath binti Ma'nu, kwamba imesimamishwa kwa heshima yake na juu palikuwa na sanamu yake. Na Qur'ani haikutaja manjaniki mahali popote kwenye kisa hiki, inataja jengo na moto, manjaniki imekuja kwa wafasiri. Pili, pamoja na hayo sikujisikia kupungukiwa. Watu wa hapa waliona nguzo mbili za malkia aliesahaulika, wakawa na kisa wanachokipenda, na wakawa na neno, wakaviunganisha. Lakini cha ajabu kwangu, na hiki ndo nilichokifuata, ni kwamba maandishi ya nguzo yako katika lugha ileile iliyolibeba neno manjaniki kutoka Kigiriki kulipeleka Kiarabu. Yani nguzo haikuwa manjaniki lakini lugha iliyochongwa juu yake ndo daraja la neno.

Na mji huu manjaniki halisi umezijua. Desemba 1144 Imaduddin Zengi, mtawala wa Mosul, aliuzingira ukiwa mikononi mwa Wafaranji, akaupiga kwa manjaniki huku wachimbaji wakichimba chini ya ukuta, ukuta ukaanguka, na kuanguka kwa Edessa ndo kulikoleta Vita vya Msalaba vya pili. Niliyatazama mawe ya ukuta nikawaza ni yapi yalirushwa na yapi yalijengwa.

Siku ya 10, Urfa

Soko la zamani. Kaka kanunua kilo ya njugu za duara, zina ganda gumu la kahawia, nikamuuliza muuzaji jina, fındık. Nikasimama katikati ya soko. Fındık ni neno moja na bunduq la Kiarabu, na asili yake ni Kigiriki, njugu ya Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi ambako mpaka leo Waturuki wanazilima kwa wingi. Waarabu wakaita bunduq pia vile vidonge vya duara vya kurushia kwa upinde maana vilikuwa saizi ya njugu hizi. Baruti ilipokuja, chombo cha kurusha vidonge kikarithi jina. Tukakipokea sisi, bunduki. Nilimpa shangazi moja mkononi nikamwambia shangazi hii ndo bunduki. Akaivunja kwa jino akaila.

Siku ya 11, Istanbul

Kaka alikuwa na mzigo wa kupakia, akatuacha na tramu mpaka Gülhane. Tukashuka kupitia bustani mpaka Sarayburnu, ile ncha ambapo bahari tatu zinakutana, tukafuata barabara ya pwani chini ya ukuta wa kale.

Eneo hili enzi za Wagiriki liliitwa Mangana. Liliitwa hivyo kwa sababu hapa ndo palikuwa ghala la mitambo ya vita ya mji, mangana ni wingi wa manganon. Mfalme Konstantino wa 9, aliyetawala 1042 mpaka 1055, akajenga hapo monasteri ya Mtakatifu George, nayo ikaitwa ya Mangana. Leo unaona ukuta wa bahari, mawe yaliyomeng'enyuka, paka, na reli nyuma yake. Hakuna mtalii anaesimama. Wote wako juu, kwenye kasri la Topkapı. Na Topkapı maana yake nini? Top ni mzinga, kapı ni mlango. Mlango wa Mizinga! Chini lipo jina la manjaniki limezikwa, juu limekaa jina la mzinga, na kati yao ni 1453, ambapo Sultan Mehmed wa Waturuki alikuja kuuteka mji huu na mizinga mikubwa iliyotengenezwa na fundi Orban. Jibu langu kwa yule mtoto, "ni kama mzinga", ndo kosa hilihili, nimeweka jina la juu pale penye la chini.

Lakini nataka kuzama kwenye neno manganon lenyewe. Kabla halijawa la vita, kwa Kigiriki lilikuwa na maana ya dawa ya kumroga mtu, kitu cha kumpumbaza, hila, na kitenzi chake ni kuroga au kulaghai. Baadae likawa kapi la kuvutia mizigo, chombo kinachokufanya uinue usichoweza kukiinua kwa mkono, alafu mtambo wa vita. Kutoka uchawi kwenda ufundi. Na angalia, Kilatini nao wana neno ingenium, maana yake akili, werevu, na mitambo ya kubomoa ngome iliitwa kwa neno hilo, Wafaransa na Waingereza wakalichukua, na limetufikia kama injini. Waarabu elimu ya mitambo waliiita hiyal, wingi wa hila, ndo hila yetu hiihii. Watu wa lugha tatu, kila mmoja kwa njia yake, walipoona jiwe zito linaruka juu ya ukuta wakasema hii si nguvu, hii ni akili imemzidi mtu.

Kwa hiyo Kiswahili tunayo injini, tunayo hila, na tunayo manjaniki. Tukiiita mzinga tunaweka moshi ambao haukuwepo, tukiiita manati tunawaondoa watu 500 waliovuta kamba. Mi kuanzia sasa naandika manjaniki, na mtoto akiuliza namchorea.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ukingo anatazama meli. Nikamweleza maana ya kwanza, uchawi. Akasema, "Basi walilipatia jina. Lile pale Makka mimi naona lilikuwa uchawi tu."

Siku ya 14, Tanga

Jumamosi. Nimekwenda madrasa na mianzi miwili, kigogo, kamba za manila na kipande cha ngozi cha kiatu cha zamani. Tumefunga miguu, tumelaza boriti, upande mfupi kamba sita, upande mrefu kombeo, tumetia ndimu. Yule mtoto nimempa kazi ya kutoa sauti. Mara ya kwanza walivuta kila mmoja kwa wakati wake, ndimu ikaanguka nyuma yetu. Nikawaambia sikilizeni sauti yake, vuteni kwa pamoja, chini moja kwa moja, msirudi nyuma. Akahesabu moja, mbili, akanyamaza kidogo mpaka wote wametulia, akapiga kelele tatu, na ndimu ikapita juu ya ukuta wa madrasa, juu ya mwembe wa jirani, tukasikia imegonga bati la mtu.

"Mwalimu," akasema, "sasa jiwe la kweli lingefika wapi?"